Pilipili usiyoila, na kilio cha mtoto wa jirani

Kwenye nyumba za kupanga za Pasua au Majengo, hapa Moshi, ukuta mmoja hutenganisha familia mbili, hivyo hakuna kisichosikika. Mtoto akipigwa hadi sauti inamkauka, wapangaji huongeza redio: pilipili usiyoila yakuwashia nini? Wengi huamini hata sheria iko upande wao, kwamba mtoto ni wa mzazi na jirani anayesema ana kiherehere.

Sivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inampa mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuziripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Wajibu, si hiari. Waweza kuanzia kwa mwenyekiti wa mtaa, ofisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto polisi, au upige simu 116, namba ya msaada kwa watoto.

Na “hayo ya ndoa, yaache”? Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, haimpi mwenzi haki ya kumchapa mwenzake.

Kuripoti si kuvunja mlango wa watu, wala kuyapeleka sokoni Mbuyuni. Methali ile wasomewe wanaomuuliza bibi harusi wa juzi mbona tumbo halionekani.