"Hakuna matata" haijawahi kuwa na hataza

Mwishoni mwa 2018 magrupu ya WhatsApp yalijaa ujumbe mmoja: Disney wamechukua hataza ya "hakuna matata", sasa ukilitamka unalipa. Ombi la kupinga lililoanzishwa mtandaoni na Mzimbabwe mmoja lilipata saini zaidi ya 100,000. Kukasirika watu walikuwa na haki, ila hataza haikuwepo. Disney waliomba alama ya biashara Marekani mwaka 1994, wakasajiliwa 2003, na usajili wenyewe ulihusu nguo, fulana na kadhalika. Mama lishe wa Tandika aliyeyaandika maneno hayo juu ya banda lake hakuguswa na chochote.

Naanza na kisa hicho kwa sababu wengi wanaonifuata wakiuliza namna ya "kusajili uvumbuzi" wamechanganya mambo matatu. Alama ya biashara hulinda jina au nembo inayomtambulisha muuzaji. Hakimiliki hulinda maandishi, wimbo, programu ya kompyuta. Hataza hulinda suluhisho jipya la kiufundi, kwa miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa, nawe kwa upande wako unakubali kueleza hadharani linavyofanya kazi. Sehemu hiyo ya mwisho huwa inawashtua.

"Nina wazo, nataka nilisajili kabla hawajaniibia"

Wazo tupu halina hataza popote. Kenya kuna hadithi isiyokufa kwamba M-Pesa ilibuniwa na mwanafunzi mmoja akadhulumiwa. Kinachojulikana ni kwamba ulikuwa mradi wa Vodafone uliochangiwa fedha na serikali ya Uingereza, ukazinduliwa na Safaricom Machi 2007. Na hata kama mtu aliwahi kuwaza "tutumiane pesa kwa simu", watu walikuwa tayari wanatumiana salio la muda wa maongezi kama pesa. Kazi ilikuwa kwenye mfumo, mawakala na usalama wake.

"Nichapishe kwanza, hataza baadaye"

Hapa ndipo wasomi wetu wanapojikata wenyewe, na sidhani kama mwizi yeyote kutoka nje amewahi kutugharimu kiasi hiki.

Sharti la kwanza la hataza ni upya: kabla ya siku ya kuwasilisha ombi, jambo lenyewe liwe halijatolewa hadharani mahali popote duniani. Tasnifu iliyowekwa maktaba imeshatoka hadharani, sawa na bango la kongamano. Kuna nafuu: sheria ya Kenya humsamehe mvumbuzi aliyejitangaza mwenyewe ikiwa ataomba ndani ya miezi 12, na Marekani humpa mwaka mmoja. Ulaya hawana huruma hiyo. Ukishalitoa kwenye jarida leo, kesho kwao umechelewa.

Nenda Sabasaba uone. Kijana wa chuo amesimama kwenye banda na mashine yake ya kuparua mihogo. Nyuma yake kuna bango kubwa la rangi: pembe ya visu, kasi ya mota, kipenyo cha ngoma, vyote vimeandikwa. Anakuja bwana mmoja mstaarabu, anauliza maswali mazuri, anapiga picha tatu, anaaga. Kijana anafurahi kwamba amepata mteja. Labda kweli ni mteja. Lakini hata kama ni fundi aliyekuja kuchukua vipimo, hajaiba kitu. Amepewa.

Simlaumu kijana, wala mwalimu wake. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala alizochapisha, na ombi la hataza lililokaa kwenye faili halimsaidii. Kwa hiyo anachapisha. Angejua tu kwamba anaweza kuwasilisha ombi Jumatatu na kutuma makala Jumanne, pasiharibike kitu.

"Nikisajili, nimelindwa dunia nzima"

Hataza ya dunia haipo. Cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, ni cha Tanzania Bara, Zanzibar wana sheria na ofisi yao. Kenya unakwenda kwenye ofisi yao, KIPI. Ukitaka nchi kadhaa za Afrika kwa ombi moja, kuna ARIPO, shirika la kanda la mali bunifu lililoko Harare. Ukiwaza mbali zaidi, una miezi 12 tangu ombi la kwanza kuomba kwingine bila kupoteza nafasi yako kwenye foleni, na ukipitia mkataba wa kimataifa wa hataza, PCT, nchi nyingi zinakupa hadi miezi 30 kabla ya kuanza kulipa kila moja kivyake. Waombaji kutoka nchi zilizo nyuma kimaendeleo, Tanzania ikiwamo, hupunguziwa ada kuu za PCT kwa asilimia 90. Kinachouma huja baadaye: mawakili wa kila nchi, tafsiri ya Kichina au Kijapani, na ada za kila mwaka. Usipolipa, hataza inakufa na cheti kikiwa bado ukutani.

Upande wa pili wa jambo hili hausemwi sana, nami naona ndio wenye faida kwetu. Kama hataza haivuki mpaka bila kuombewa, basi teknolojia nyingi mno zenye hataza Ulaya na Asia hazijawahi kusajiliwa hapa. Maelezo yake yako wazi mtandaoni, pamoja na michoro. Ukishahakikisha kwamba haina hataza hapa, fundi wa Gerezani anaweza kutengeneza na kuuza humu ndani kihalali, ilimradi asipeleke bidhaa nchi ambako imelindwa.

"Utafiti ni wangu, niliufanya mimi"

Soma mkataba wako wa ajira. Kilichovumbuliwa kazini kwa kawaida ni cha mwajiri, nawe unabaki na jina lako kama mvumbuzi na pengine haki ya kudai mgawo.

"Wazungu hutunyang'anya, hatuna la kufanya"

Kunyang'anywa kupo. Utafiti wa kinga dhidi ya VVU uliofanywa miongoni mwa wanawake wanaouza ngono wa Majengo, Nairobi, ulichangia chanjo ya majaribio iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa Oxford na Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 2000 Wakenya waligundua kwamba wenzao wa Uingereza walikuwa wameombea hataza bila wao. Walipiga kelele, wakakaa mezani, Nairobi ikaingizwa kwenye umiliki. Kumbe kulikuwa na la kufanya, ila lingefanywa siku ya kwanza, kwenye karatasi ya ushirikiano, kabla sampuli moja haijapanda ndege.

Na chanjo yenyewe? Majaribio yakaonyesha haiamshi kinga ya kutosha, ikaachwa. Mgogoro wote ule ulikuwa juu ya kitu ambacho hakikufika sokoni.

"Nikipata cheti, pesa zitakuja"

Rafiki yangu aliniletea ombi lake la hataza nilisome, akiwa ameliandika mwenyewe ili kuokoa gharama. Dai la kwanza lilisema: "mashine yenye visu vitatu vya chuma." Nikamuuliza, nikiweka vinne? Akanyamaza. Hataza hulinda kile kilichoandikwa kwenye madai, basi, na kuyaandika ni ufundi wa watu wachache sana katika ukanda huu. Hata ukiyaandika vizuri, anayemfukuza mwigaji ni wewe, kwa wakili wako na nauli yako. Ofisi ya usajili haina askari.

Soko nalo lina akili yake. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda tuzo ya uhandisi ya Africa Prize mwaka 2015, pauni 25,000, kwa chujio la maji linalounganisha mchanga na chembechembe za nano, yaani ndogo mno. Kwa kaya nyingi chujio zima ni ghali. Lakini ndoo ya maji safi hununulika, na njia mojawapo aliyotumia ikawa vituo vya kuuza maji yaliyochujwa. Maabara haimfundishi mtu hilo. Kampuni ya A to Z ya Arusha walikwenda njia nyingine kabisa: hawakuvumbua chandarua chenye dawa cha Olyset, walipewa teknolojia na Sumitomo Chemical ya Japani mwaka 2003 bila kulipa mrabaha, yaani malipo ya kutumia uvumbuzi wa mwingine, wakaanza kufuma hapahapa.

"Bila hataza hakuna biashara"

Tazama jiko la mkaa lenye bati nje na udongo wa kuchoma ndani. Mfano wake ulitoka Thailand, ukaboreshwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wala haukuwekewa hataza. Mafundi wa jua kali waliigana, wakabadilisha viuno na miguu, wakashusha bei, jiko likasambaa Afrika Mashariki nzima. Walioliboresha hawakupata mrabaha kwa kila jiko lililouzwa. Langu nililinunua Buguruni kwa fundi ambaye, nilipomuuliza nani alilibuni, aliacha kugonga bati, akanitazama kidogo, akasema, "Si mimi hapa?"