Wanawake ngangari, mauaji na vicheko: dhana potofu kuhusu hizi stori

Kuna watu ukiwaambia unasoma mfululizo wa upelelezi ambao staring ni mwanamke na unacheka kila baada ya kurasa mbili, wanakuhurumia, yaani wanaona umeshindwa kusoma vitabu vya maana ukaamua kupoteza muda. Mimi hizi stori nazipenda kweli na nimeshazibishania sana, kwa hiyo ngoja niyaweke hapa yale ninayoyasikia mara kwa mara, na kwa nini sio kweli.

"Kama inachekesha basi fumbo lenyewe ni dhaifu"

Hii ndo inaniuma kuliko zote. Watu wanadhani mwandishi akishindwa kutunga fumbo ndo anajazia utani. Lakini angalia kazi aliyonayo mwandishi wa fumbo: anatakiwa aviweke vidokezo vyote mbele ya msomaji kabla muuaji hajajulikana, asije akatuletea mtu mgeni kwenye sura ya mwisho akasema huyu hapa ndo aliyeua, na wakati huohuo msomaji asishtuke. Kwenye stori iliyonuna mwanzo mwisho, kitu kidogo kikitajwa tu msomaji mzoefu anakidaka hapohapo. Sasa mpeleke huyo msomaji msibani na Bibi Mazur, bibi yake Stephanie Plum (staring wa vitabu vya Janet Evanovich), ambaye anaenda kuaga maiti za watu kama wengine wanavyoenda harusini na akikuta jeneza limefungwa anakasirika kabisa, wewe unamwangalia bibi anavyolisogelea lile jeneza, unacheka, na jina lililotajwa pembeni na waombolezaji wawili limeshakupita. Kicheko kinahamisha macho, na mwandishi anayejua kazi yake anakitumia hivyo makusudi.

Halafu wenye fani yao hawakuvidharau. Kitabu cha kwanza cha Stephanie Plum, cha Janet Evanovich, kilitoka 1994, na 1995 chama cha waandishi wa hadithi za uhalifu cha Uingereza kikakipa tuzo ya John Creasey, ambayo ni ya kitabu cha kwanza cha uhalifu cha mwandishi. Marekani kuna tuzo ya Lefty, imeanza 1996, ni ya riwaya ya upelelezi inayochekesha, na huwezi kuipata kwa utani peke yake.

Na tusisahau kuwa ndani ya hivi vitabu kuna mambo mazito. Hichohicho cha 1994 kina bondia anaitwa Benito Ramirez, na kurasa zake hazina mzaha hata kidogo, huyu mtu anaumiza wanawake na unamwogopa kweli. Lula, ambaye baadaye ndo anakuwa mchekeshaji mkubwa wa mfululizo mzima, tunakutana naye akiwa anajiuza barabarani na anaumizwa vibaya na huyohuyo bondia. Mtu akinambia Lula amewekwa pale kwa ajili ya vituko tu namuuliza kama kweli alisoma tangu mwanzo, maana kila kituko cha Lula ni cha mtu aliyeponea chupuchupu na akaamua kuendelea kuishi kwa sauti kubwa.

"Mwanamke mbabe ni yule anayepiga watu na kufyatua risasi"

Hapa ndo pana utamu wenyewe. Stephanie Plum bastola yake anaiweka nyumbani kwenye kopo la biskuti, haipendi. Amelia Peabody, aliyetungwa na Elizabeth Peters, anazunguka Misri miaka ya 1880 huko akiwa na mwavuli wa jua, na huo mwavuli ndo silaha, wahalifu wanauogopa. Kinsey Millhone, mpelelezi binafsi wa Sue Grafton, bastola anayo na aliwahi kuwa polisi, ila ubabe wake uko zaidi kwenye kukaa peke yake bila kumwomba mtu radhi: nywele anajikata mwenyewe na kimkasi cha kucha, nguo ya kutokea anayo moja nyeusi inayomaliza shughuli zote, anakula mkate na siagi ya karanga na achari ya matango, na akihisi unamdanganya atarudi kukuuliza hata mara ya tano.

Halafu kuna Precious Ramotswe, mpelelezi wa Botswana, huyu ndo ninayemtolea mfano kila siku. Hana bastola, hapigi mtu, anaendesha kigari chake cheupe taratibu na kunywa chai yake. Mtu anaweza kudhani ni mpole tu. Lakini huyu mama aliolewa na mwanaume aliyekuwa anampiga, akazaa mtoto na huyo mtoto akafariki, akarudi kwa baba yake, akasimama tena. Baba naye, Obed, ambaye alifanya kazi migodini Afrika Kusini akanunua ng'ombe, yuko kitandani anakufa anamwambia mwanae uza ng'ombe ununue biashara yako, labda bucha, labda duka la vinywaji, na Precious anamjibu kuwa atafungua ofisi ya upelelezi. Mzee anashtuka, anataka kupinga, anaanza "lakini... lakini..." na roho inakata kabla hajamaliza. Pale unacheka na unaumia kwa pamoja, na ndo maana nasema vicheko vya hizi stori sio mapambo. Huyu mwanamke amezika mtoto na baba na bado anaona kinachochekesha, sasa ubabe gani mwingine unautaka?

Na msaidizi wake, Grace Makutsi, yule aliyepata asilimia 97 chuo cha makatibu na hakuna siku utamaliza kitabu bila kukumbushwa hiyo 97. Watu wanamcheka ila ukijua alitoka kwenye umaskini gani, hiyo namba ni haki yake aitaje kila siku.

"Stephanie Plum ni polisi" au "ni mpelelezi wa kulipwa"

Hapana, na ukikosea hapa nusu ya utani inakupita. Plum alikuwa ananunulia duka moja huko New Jersey nguo za ndani za kuuza, akapoteza kazi, gari likachukuliwa, ndo akaenda kwa binamu yake Vinnie mwenye ofisi ya dhamana, na kazi aliyopewa ni kukamata watu waliodhaminiwa halafu wakakimbia mahakama.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mshtakiwa amepangiwa dhamana tuseme dola 100,000 na hana, anaenda kwenye ofisi ya dhamana, analipa kawaida asilimia 10 ambayo hairudi, ofisi inamdhamini. Asipotokea siku ya kesi, ofisi inaweza kudaiwa zile 100,000 zote, kwa hiyo wanamtuma mtu amrudishe, na huyo mtu analipwa akifanikiwa tu. Kesi ya kwanza ya Plum ni polisi Joe Morelli anayetuhumiwa kuua, ambaye pia ni mwanaume aliyemuumiza moyo enzi za ujana, na akimleta anapata dola 10,000. Yaani njaa, hasira ya zamani na kodi ya nyumba vyote vimekaa kwenye jina moja. Hana kitambulisho cha polisi, hana mafunzo, na watoro wenyewe wengi ni majirani zake wanaomjua tangu mtoto, ndo maana mlango unapofunguliwa inakuwa vurugu na maneno mengi.

Wengine wanasema hiyo kazi imetungwa tu. Ipo kweli. Mahakama Kuu ya Marekani 1872, kwenye kesi ya Taylor na Taintor, ilisema mdhamini anaweza kumfuata mtu wake mpaka jimbo jingine na kumkamata. Ila haipo kila mahali, majimbo kama Illinois, Kentucky, Oregon na Wisconsin yalipiga marufuku biashara ya dhamana, na New Jersey yenyewe, nyumbani kwa Plum, ilibadilisha mfumo kuanzia Januari 2017 na dhamana za pesa zikapungua mno. Kwa hiyo ukisoma vile vya mwanzo unasoma Trenton, mji wake Plum huko New Jersey, ya miaka ya 90, usishangae.

"Hii ni fasheni mpya, zamani wapelelezi walikuwa wanaume"

Jamani. London 1864 tayari kilitoka kitabu ambacho mpelelezi ni mwanamke, wakati huo polisi wa London hawana mwanamke hata mmoja. Na nje ya vitabu, Kate Warne aliajiriwa na Allan Pinkerton, mwenye kampuni ya upelelezi, kule Chicago 1856, na 1861 alikuwa mmoja wa waliompitisha Abraham Lincoln kwa siri Baltimore kulipokuwa na hofu ya njama ya kumuua.

Kuchekesha nako hakukuanza jana. Anna Katharine Green alimtunga Amelia Butterworth 1897, mama mmoja wa New York wa familia bora, hajaolewa, na anaanza kusimulia kwa kusema yeye sio mdaku, halafu sentensi hiyohiyo haijaisha ameshatoka kitandani usiku anachungulia kwenye pazia kuona gari la farasi limesimama kwa jirani. Hiyo ni miaka 30 kabla Miss Marple hajatokea kwenye hadithi fupi ya Agatha Christie mwaka 1927.

Kilichotokea miaka ya 70 na 80 ni kwamba mwanamke alipewa ofisi, leseni na bili za kulipa. Marcia Muller alianza na mpelelezi wake Sharon McCone 1977, na 1982 wakatoka wawili mwaka mmoja, Kinsey Millhone na V.I. Warshawski wa Sara Paretsky, wa Chicago, mwenye mdomo mkali kuliko bastola. Na njia haikuwa rahisi, waandishi wanawake walikuwa hawapewi nafasi ya kutosha kwenye kurasa za uhakiki magazetini mpaka Paretsky na wenzake wakaanzisha chama cha Sisters in Crime 1986.

"Ni vitabu vya wanawake, vimeandikwa na wanawake"

Ramotswe ametungwa na mwanaume, Alexander McCall Smith, aliyezaliwa Bulawayo na kuwa profesa wa sheria Edinburgh. Na aliyejiita Elizabeth Peters ni Barbara Mertz, alikuwa na shahada ya udaktari ya mambo ya Misri ya kale, kwa hiyo makaburi ya kwenye vitabu vyake anayajua. Wanaume wasomaji wapo tele, wanajificha tu.

"Lazima staring awe binti mrembo"

Angela Lansbury alikuwa na miaka 58 alipoanza kuigiza Jessica Fletcher kwenye tamthilia ya Murder, She Wrote 1984 na alikaa sizoni 12, epsodi 264. Agatha Raisin wa vitabu vya M.C. Beaton, aliyeanza 1992, ni mwanamke wa makamo, mkorofi, kastaafu biashara yake ya mahusiano ya umma akahamia kijijini Uingereza bila kujua hata kupika. Imeisha hiyo.

"Mbona asitafute tu kwenye simu?"

Swali hili wanalipata sana wasomaji wa Kinsey. Jibu ni kwamba Grafton alimwacha miaka ya 80 makusudi. Vitabu 25 vilitoka kuanzia 1982 hadi 2017, lakini ndani ya stori inapita miaka kama saba tu. Hakuna simu ya mkononi wala intaneti, anagonga milango, anachimba mafaili ya serikali, anaandika kwenye kadi. Na utani unatoka hapohapo, kwenye mazungumzo ya mlangoni na watu wasiotaka kusema.

Kuhusu kuanzia wapi, wengi wanasema anza popote. Fumbo la kila kitabu linaisha palepale, hilo kweli, ila utani wa watu unajengeka, 97 ya Makutsi inazidi kuchekesha kadiri unavyomzoea. Kwa Plum fuata namba, zipo kwenye majina ya vitabu vya mfululizo mkuu. Kwa Kinsey fuata alfabeti, maana kila jina la kitabu lina herufi yake kuanzia A, ila ujue inaishia Y, Grafton alifariki Desemba 2017 kabla hajaandika Z na familia yake ikasema hakuna mwingine atakayeiandika.