Aya Moja ya Asubuhi, na Barua Nzima Iliyobaki

Saa kumi na mbili alfajiri simu inalia. Kwenye kundi la kwaya mtu ametuma picha ya jua likichomoza, na juu yake Yeremia 29:11: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi..." Amina zinamiminika kabla chai haijachemka. Na mimi huandika yangu.

Dhana: Aya hiyo inaniahidi kwamba mwaka huu mambo yatanyooka.

Hicho ni kipande cha barua. Yeremia aliituma kutoka Yerusalemu kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, katika uhamisho wa mwaka 597 kabla ya Kristo. Nabii Hanania alitangaza kwamba mateka watarudi katika miaka 2. Nani asingempenda kwa hilo? Yeremia aliandika miaka 70. Imo katika aya ya 10, jirani kabisa na ile tunayotumiana. Mtu mzima aliyeisikia barua ikisomwa alijua kwamba atazikwa ugenini. Ndiyo maana aya ya 5 inawaambia wajenge nyumba na wapande bustani, na ya 7 wauombee mji uleule uliowateka. Picha ya jua yenye aya ya 10 bado sijatumiwa.

Namba zenyewe za sura na aya zinatuponza. Mgawanyo wa sura tunaoutumia ni wa karne ya 13, na namba za aya za Agano Jipya zilitiwa na mchapaji Mfaransa, Robert Estienne, mwaka 1551. Paulo hakuwahi kuandika "Wafilipi 4:13".

Dhana: "Nayaweza mambo yote", yaani hiyo Wafilipi 4:13, ni aya ya mtihani na mashindano.

Aliyeiandika alikuwa kifungoni. Mstari mmoja juu yake anasema amefundishwa kushiba na kuona njaa.

Dhana: "Jisaidie nami nikusaidie" ni neno la Mungu.

Haimo. Fungua Mwanzo hadi Ufunuo.

Dhana: Kutafakari ni kukaa kimya na kufumba macho.

Zaburi ya 1 inamsifu mtu anayeitafakari sheria mchana na usiku. Kitenzi cha Kiebrania pale ni *haga*, na kina sauti ndani yake: kunong'ona, kuguna. Isaya 31:4 inakitumia kwa simba anayenguruma juu ya windo lake. Basi mama anayerudia aya ileile kwa sauti ya chini huku akichambua mchele, midomo ikicheza, yuko karibu na Zaburi hiyo kuliko mimi na daftari langu la kalamu tatu za rangi.

Dhana: Usipomaliza sura zako za siku, umepoa kiroho.

Ratiba za kumaliza Biblia kwa mwaka huanza na Mwanzo kwa shangwe, halafu zikazama kwenye Walawi. Lakini mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, iliokotwa ya siku moja, pishi moja kwa kila mtu; waliojiwekea akiba hadi asubuhi waliikuta ina mabuu na inanuka. Siku ya sita tu ndiyo waliokota mara mbili, kwa ajili ya Sabato.

Dhana: Ukichoka, dawa ni maombi zaidi.

Nabii Eliya alilala chini ya mti wa mretemu akiomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimwamsha ale: mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akamwamsha mara ya pili, ale tena.