Kununua gari ya kifahari iliyozeeka kisha kujuta: watu wanavyoamini na ilivyo kweli

Sedani kubwa ya kifahari ikishapita miaka 15 unaikuta inauzwa bei ileile ya kigari kidogo cha kawaida ambacho vioo vya nyuma unazungusha kwa mkono, na hapo ndo watu wengi wanaingia mkenge. Majuto yakianza kila mtu ana maelezo yake, huyu analaumu fundi, yule analaumu dalali, mwingine anasema kampuni za magari zimetega makusudi. Maelezo mengi hayana ukweli, na ubaya wake ni kwamba yanamfanya mtu atoe hela tena palepale alipoipoteza mwanzo.

"Bei imeshuka, kwahiyo na kuitunza kumeshuka"

Hii ndo mama yao wote. Kinachoshuka ni bei ya gari nzima, spea hazina habari na hilo. Shokapu ya upepo (inabeba gari kwa mfuko wa hewa badala ya springi ya chuma) ya Mercedes S-Class W220, ile ya 1998 mpaka 2005, ilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyenunua sedani ya juu kabisa ya kampuni, na leo ukiitaka utauziwa kwa hesabu hiyohiyo, hakuna muuza spea atakayekuuliza we gari uliipata kwa shilingi ngapi. Masaa ya fundi nayo hayapungui, tena yanaongezeka manake bolti zimeshika kutu na vibanio vya plastiki vinakatika ukivigusa tu. Kwahiyo unaingia kwa bei ya gari ndogo alafu unaishi na bili za gari kubwa, na hesabu za wengi zinaishia pale kwenye kununua, hakuna aliyekaa chini akauliza mwaka wa kwanza hii kitu itakula ngapi.

"Gari ghali imejengwa idumu"

Kwenye bodi, rangi, ukimya wa ndani na ile namna inavyotulia ukiwa kwenye spidi, sawa, nakubali. Lakini sehemu kubwa ya ughali wake ni wingi wa vitu vilivyomo, na kila kilichomo kina siku yake ya kufa. Kigari kidogo hakina kompresa ya upepo, hakina mota sita kwenye kiti kimoja, hakina mlango unaojivuta wenyewe kufunga, basi mwenye nacho hatakaa alipie hivyo.

Chukua BMW 7 Series ya E65, iliyotoka 2001 hadi 2008. Redio, skrini, simu na mziki vimeunganishwa kwa nyaya za mwanga zinazozunguka kiboksi kwa kiboksi mpaka zinarudi zilikoanzia, sasa kiboksi kimoja kikifa mzunguko umekatika na vyote vinanyamaza, fundi anabaki kuruka kimoja kimoja akimtafuta mbaya wake. Au Mercedes E-Class W211 za mwanzo, toka 2002, zilizokuja na breki za umeme zinazoitwa SBC. Pampu ya hizi breki inahesabu kila unapokanyaga, na hesabu ikijaa inawasha onyo kwenye dashibodi kwamba muda wake umeisha, hata kama wewe unaona inashika vizuri tu. Mwaka 2004 Mercedes waliita magari kama 680,000 yarudi kwa ajili ya mfumo huu, na 2006 wakauondoa kwenye E-Class. Ndo maana kwenye W211 kujua ni ya kabla au baada ya 2006 ni muhimu kuliko rangi ya viti, ila nenda kaangalie watu wanauliza nini kwanza.

"Kilomita chache, hii ni kama mpya"

Mpira na plastiki vinazeeka kwa miaka na joto, sio kwa kilomita peke yake. Gari ya miaka 18 iliyokaa sana na kutembea kidogo ina bushi zilizokauka, hozi za maji zilizokuwa ngumu, sili zilizosinyaa, na tairi zenye nyufa japo meno yamejaa (kwenye tairi tafuta namba nne ubavuni, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019). Porsche Cayenne V8 (injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V) za mwanzo zina sifa hiyo, zilitoka na mabomba ya maji ya plastiki yaliyofichwa chini ya manifoldi ya hewa, ile inayogawa hewa kwenye silinda, uzee na joto vinayapasua na maji yanaweza kumwagikia mpaka kwenye stata. Wengi waliokutana nayo wanafunga ya aluminiamu wanasahau.

Mimi kati ya gari yenye kilomita nyingi na bahasha nene ya risiti za sevisi, na nyingine yenye kilomita chache na stori nyingi, nachukua ya kwanza bila kufikiria mara mbili. Alafu namba za kilomita zenyewe watu wanazirudisha nyuma, kwahiyo tazama pedali, usukani na kiti cha dereva vimelika kiasi gani kabla hujaamini dashibodi.

"Oili ya gia ni ya maisha, usiiguse"

Maisha ya nani? ZF wenyewe, wanaotengeneza giaboksi zilizofungwa kwenye BMW, Jaguar, Range Rover na Audi nyingi, wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au ndani ya miaka 8, ikitegemea na unavyoendesha. Waliosema ya maisha ni kampuni zinazouza magari, na kwao gari inaishia pale waranti inapoisha.

"Ni kabomba tu, kazi ndogo"

Hapa nikae kidogo kwasababu ndo pesa nyingi zinapopotelea. Kwenye magari haya bei ya kifaa haikuambii chochote kuhusu bili, inategemea kifaa kimekaa wapi. Injini ya BMW N62, ile V8 iliyokuwa kwenye 7 Series, 5 Series na X5 za miaka hiyo, ina bomba la maji linalopita katikati ya injini kwenye bonde la ile V. Sili ya mbele ya hilo bomba inachoka, maji yanaanza kuvuja kidogokidogo, na bomba lenyewe ni rahisi ukilinganisha na shughuli yake, manake kwa njia ya asili fundi anatakiwa afungue mbele yote ya injini mpaka mifuniko ya taimingi (sehemu inayooanisha mwendo wa vali na pistoni) ndo alifikie. Baadae watu walibuni bomba linalorefuka na kufupika ambalo unaliingiza kwa juu bila kufungua kote huko, na hii imeokoa watu wengi, lakini lazima ujue lipo, fundi asiyelijua atakuandikia kazi ya wiki.

Audi nao kuna V8 ya lita 4.2 waliyoweka cheni za taimingi nyuma ya injini, upande wa giaboksi, mfano kwenye S4 ya kizazi kinachoitwa B6. Cheni haina tatizo la kutisha kwa bei, ila vile vishikio vyake vya plastiki na vya kukazia vikichoka na ukaanza kusikia kelele asubuhi ukiwasha, kuvifikia ni kushusha injini nzima. Na ukishaishusha huwezi kubadilisha hivyo tu ukairudisha, utataka na gasketi, na sili, na mabomba yale ambayo hautayafikia tena, bili inazaa watoto.

Swali la kumuuliza fundi kwahiyo sio "hicho kifaa shingapi", ni "kukifikia unafungua nini na nini". Ukipata jibu la hilo ndo uamue.

"Badilisha kilichokufa, kingine achana nacho"

Kwenye shokapu za upepo ushauri huu unakula watu vibaya. Gari inaamka asubuhi imelala upande mmoja, ukiwasha inajiinua, unaona poa. Kumbe mfuko wa mpira umepasuka na unavuja usiku kucha, na kila ukiwasha kompresa inafanya kazi kupita kawaida yake mpaka inaungua. Unanunua kompresa mpya, unaacha mfuko uleule, na hiyo mpya nayo inaenda njia ileile. Dawa ni kuanza na panapovuja: maji ya sabuni, subira, na gari iliyoinuliwa. Wapo wanaotoa mfumo wote wakaweka springi za chuma, gari inatembea na wasiwasi unaisha, ila ule mserereko uliokufanya uipende nao unaondoka, na taa ya onyo kwenye dashibodi nayo inabidi mtu aishughulikie.

"Hakuna taa inayowaka, gari iko safi"

Mashine ya kusoma makosa inafuta taa kwa dakika moja, asubuhi kabla hujafika. Ila kufuta kunaacha alama: kompyuta ya gari inarudisha vipimo vyake vya ndani sifuri na inahitaji kuendeshwa muda ndo ivikamilishe. Ukichomeka mashine ukakuta vipimo vingi vinasema havijakamilika, gari imefutwa karibuni, muulize muuzaji alikuwa anafuta nini.

Na nyanyua kapeti. Magari haya yanapenda kuficha viboksi vya umeme chini ya sakafu, na mifereji ya sanrufu ikiziba maji yanashukia hukohuko, kapeti likiwa na unyevu we aga uondoke.

"Chukua Lexus, hautajuta"

Nusu kweli. LS 400 iliyotoka 1989 ilijipatia jina lake kihalali. Ila nayo ina belti ya taimingi isiyotaka kupuuzwa, na mdogo wake LS 460 wa 2006 anajulikana kwa bushi za mikono ya mbele (ile inayoshikilia magurudumu) kuchoka, na mikono yenyewe ni mingi. Kuharibika mara chache ni kitu kimoja, kutengenezwa kwa bei nafuu ni kingine kabisa.

"Spea orijino ni ya kwenye boksi lenye nembo ya gari tu"

Hapana. Bosch, ZF, Lemförder, Sachs na Mahle ndo wanaowatengenezea kampuni vitu vingi, na mara nyingi kifaa ni kilekile kwenye boksi lao, nembo ya gari imekwanguliwa. Feki ni jambo lingine, hiyo haina mjadala.

"Ukijuta maana yake gari ni mbovu"

Sio lazima. Gari hiyohiyo moja, yenye kasoro zilezile, inampa mtu raha na mwingine presha, na tofauti yao mara nyingi ni kama ana gari nyingine ya kumpeleka kazini kesho. Kama ni pekee uliyonayo kila kosa dogo linakuwa dharura, na dharura hazina bei ya kujadili, unalipa anachosema fundi aliyepo karibu. Mwenye gari ya pili anasubiri spea nafuu ifike wiki ijayo, anasoma, analinganisha. Sijaona mtu anayezifurahia hizi gari akiwa nayo moja tu, labda wapo.

"Nimeshaweka hela nyingi, siwezi kuiuza sasa"

Hela iliyotoka imetoka, iwe umebaki nayo au umeiuza. Kinachotakiwa kuhesabiwa ni kuanzia leo: gari inataka nini miezi 12 ijayo, na kwa hela hiyo ungepata usafiri gani mwingine. Ukiona bado inalipa, tengeneza kwa mpangilio, breki, tairi na usukani kwanza, alafu mfumo wa maji, alafu oili zinazovuja, viti vya kukanda mgongo vikae vimekufa hata mwaka. Ukiona hailipi, usianze kufunga vitu vipya ili uuze vizuri, mnunuzi hakurudishii bei ya kompresa. Maliza kinachozuia isitembee, mwambie ukweli kuhusu vilivyobaki, iuze ikiwa bado inawaka na kuondoka kwa miguu yake, kwasababu ikishasimama kabisa wanaobaki kukupigia simu ni wanaotaka rimu, taa na giaboksi.