Moto peke yake hautoi chuma kwenye jiwe

Dhana iliyoenea kuliko zote kuhusu chuma ni kwamba kimejificha ndani ya jiwe kikisubiri moto: chochea vya kutosha, kitayeyuka na kutiririka. Sivyo. Ndani ya jiwe jekundu la chuma hakuna chuma cha kuyeyushwa. Kuna atomi za chuma zilizofungamana na oksijeni, na kitu hicho kinaitwa oksidi, ndugu wa karibu wa kutu. Ulipashe moto jiwe hilo peke yake mchana kutwa, utabaki na oksidi iliyopata moto.

Mfanyakazi halisi ni mkaa. Kaboni yake ikiungua kwenye hewa haba hutoa kaboni monoksidi, gesi ileile inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Gesi hiyo ndiyo inayoipokonya oksidi ya chuma oksijeni yake. Joto linahitajika ili upokonyaji huo uende kasi, na ili uchafu wa jiwe uyeyuke na kujitenga, ule unaoitwa mavi ya chuma. Chuma chenyewe si lazima kiyeyuke. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, na matanuru mengi ya kale ya udongo yalitoa bonge gumu lenye matundu, ambalo mhunzi alilipiga nyundo likiwa jekundu mpaka uchafu ukatoka.

Nimeyataja matanuru ya kale kwa makusudi, kwa sababu bado wapo wanaosema ufundi huu tuliletewa na meli za Ulaya. Huko Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, wanaakiolojia wamechimbua mabaki ya matanuru ya takriban miaka 2,000 iliyopita. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliokuwa wakiukumbuka ufundi huo walijenga tanuru upya mbele ya watafiti, na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery wakachapisha matokeo katika jarida la Science. Kinachonivutia zaidi ni shimo la chini ya tanuru: lilijazwa nyasi za kinamasi zilizochomwa, yaani kaboni ya ziada iliyowekwa pale pale chuma kinapotengenezwa. Mirija ya udongo ya kupitishia upepo wa mivukuto iliingizwa ndani ya tanuru, hivyo hewa ilipata moto kabla haijaufikia mkaa. Ufipani, kusini-magharibi mwa nchi, walifuata njia nyingine kabisa: matanuru marefu kuliko mtu, yaliyojivutia hewa yenyewe bila mivukuto. Hawa hawakuwa watu wa kubahatisha.

Sasa, kama mkaa unakiweza chuma, mbona hauiwezi alumini? Darasani wanafunzi hukariri orodha: potasiamu, sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, alumini, zinki, chuma, risasi, shaba, fedha, dhahabu. Wengi huichukulia kama orodha ya fujo, kuanzia zinazolipuka kwenye maji hadi zile tulivu. Inafaa zaidi kuisoma kama orodha ya ung'ang'anizi: za juu hazitaki kuachia oksijeni, za chini huiachia upesi. Kaboni si metali, lakini hupewa nafasi kati ya alumini na zinki. Iliyo chini yake, mkaa unaiweza. Iliyo juu yake, tanuru la kawaida halifui dafu.

Ndiyo maana alumini, ambayo ni takriban asilimia 8 ya gamba la dunia huku chuma kikiwa kama asilimia 5, haikuonekana na jicho la mtu ikiwa metali hadi miaka ya 1820. Wengi wanadhani kitu kikiwa ghali basi ni adimu. Mwaka 1884 Wamarekani waliiweka kwenye kilele cha mnara wa Washington, kipande cha kilo zisizofika tatu, kwa kuwa ilikuwa metali ya fahari. Miaka miwili baadaye Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kivyake, waligundua jinsi ya kuyeyusha oksidi ya alumini ndani ya kriolaiti (madini yenye alumini, sodiamu na florini) ya moto na kupitisha umeme. Joto linalohitajika likashuka kutoka zaidi ya nyuzi 2,000 hadi kama 960. Bei ikaporomoka, lakini umeme haujawahi kuwa mdogo: kilo moja hula takriban uniti 14. Kuyeyusha sufuria chakavu kunahitaji kama asilimia 5 tu ya nishati hiyo.

Eti alumini haishiki kutu kwa sababu ni metali mpole? Hapana, ni kali. Ikigusa hewa tu hujivika oksidi nyembamba isiyopitisha kitu, ikajifungia humo. Mpishi aliyetia magadi kwenye sufuria ya alumini ili maharage yaive upesi ameona ilivyogeuka nyeusi: magadi yamelila vazi hilo. Na zinki ya mabati haikupakwa kwa upole wake. Ni tendaji kuliko chuma, na bati likikwaruzwa ndiyo inayoliwa kwanza.

Kuhusu dhahabu, wapo wanaoamini zebaki huizalisha. Zebaki hukusanya tu chembe zilizokuwepo tayari. Ikichomwa huchemka kwenye nyuzi 357 na kuishia kwenye mapafu ya mchomaji. Wala si kweli kwamba dhahabu haimenyuki na chochote. Sayanaidi ikisaidiwa na oksijeni huiyeyusha majini, kisha unga wa zinki unaweza kuirudisha: zinki inaingia, dhahabu inatoka.

Limebaki lile wanalosema watu kuhusu Ludewa, kusini mwa Tanzania: tuna chuma Liganga, tuna makaa ya mawe Mchuchuma, tuwashe tanuru. Laiti ingekuwa hivyo. Chuma cha Liganga kimechanganyika na metali nyingine mbili, titani na vanadi. Titani imeng'ang'ania oksijeni kuliko chuma, na kiasi kidogo kinachoachia ndani ya tanuru la joto kali huungana na kaboni na naitrojeni, kikafanya mavi ya chuma yawe mazito na yagome kutoka.