Sensa ya Lambda Haijawahi Kuiona Petroli

"Fundi, lambda inasoma 1.15. Nimeongeza mafuta asilimia 10, bado 1.15. Nimeongeza 10 nyingine, sasa ni 1.18 na pikipiki imeanza kukohoa. Sensa imekufa?"

Lambda ni namba ya uwiano wa hewa na mafuta: 1 ni sawasawa, juu ya 1 hewa imezidi, chini ya 1 mafuta yamezidi. Ujumbe wa namna hii, kutoka kwa wanaotyuni (kupanga mafuta ya injini) kwa laptopu, umenifikia mara nyingi mno, na kila mara nyuma yake kuna imani ileile: kwamba laptopu inaonyesha mafuta. Namba ikipanda, mafuta ni machache, bonyeza mshale wa juu. Ikishuka, ni mengi, punguza. Ingekuwa hivyo kazi hii angeifanya mtoto wa darasa la tatu, tena kwa haraka kuliko mimi, maana yeye haumwi mgongo.

Sensa haijui petroli. Inachojua ni oksijeni iliyobaki kwenye moshi, na pale isipobaki, inajua ni oksijeni kiasi gani ingehitajika kumalizia kile ambacho hakikuungua. Basi. Mengine yote unayoyasoma kwenye skrini ni hesabu iliyosimama juu ya dhana mbili: kwamba hewa yote iliyo kwenye bomba ilipita ndani ya silinda, na kwamba ikishaingia humo iliwashwa. Ikivunjika mojawapo, unabaki na uongo wenye desimali mbili.

Turudi kwa mwenzetu wa 1.18. Mchanganyiko ukizidi uzito, plagi inalowa na cheche inashindwa. Mzunguko mmoja haukuwaka. Oksijeni yote iliyoingia inatoka kama ilivyo, na petroli yake inatoka kama ilivyo. Sensa inakutana na oksijeni hiyo na kutangaza kwamba hewa ni nyingi. Wewe unaongeza mafuta. Plagi inalowa zaidi, mizunguko isiyowaka inakuwa mingi, namba inapanda, unaongeza tena. Ukiiachia programu ijirekebishe yenyewe itafanya hivyohivyo bila haya, na itakupambia jedwali kwa rangi nzuri huku ikiizamisha injini.

Ndiyo maana kabla sijagusa kisanduku chochote kwenye jedwali la mafuta, lile linaloiambia kompyuta ya injini imwage petroli kiasi gani, nafungua plagi. Plagi nyeusi, imelowa, inanuka petroli, na skrini inasema 1.15? Moja kati ya hizo mbili inadanganya, na plagi haina programu.

Nami nisijifanye mjanja. Injini ya kwanza niliyotyuni kwa laptopu ilinila jioni mbili nzima. Ilikuwa ya silinda moja, ramani (ndilo jedwali hilohilo) ya throto, yaani mkono wa mafuta umefunguliwa kiasi gani, na RPM, mizunguko ya injini kwa dakika. Juu ya 6,000 ilikuwa tamu, lakini kati ya 3,000 na 4,500, mkono wa mafuta ukiwa umefunguliwa kidogo tu, rekodi ilikuwa inanisomea 1.12, 1.10, 1.14. Nikapandisha eneo hilo, nikapandisha, mpaka jedwali likaota nundu kama ya ng'ombe. Nundu hiyo peke yake ilitakiwa inizindue. Uwezo wa injini wa kuvuta hewa hupanda na kushuka kwa mteremko. Haurukiruki kwenye visanduku vitatu halafu ukatulia. Sikuzinduka. Jioni ya pili niliinama kuokota spana iliyoanguka, nikaona mstari wa masizi, mwembamba kama unywele, pale shingo ya eksozi inapoungana na kichwa cha silinda. Gasketi ilikuwa imepasuka. Nilibadilisha gasketi, nikarudisha jedwali la siku ya kwanza, na lambda ikasoma 0.97. Jedwali halikuwa na kosa lolote tangu mwanzo.

Hapa ndipo naulizwa swali ambalo ni zuri kweli: uvujaji si unatoa moshi nje, unaingizaje hewa ndani? Ni kwa sababu moshi hautiririki kama maji ya bomba, unatoka kwa mapigo. Valvu ya kutolea inapofunguka presha inaruka, kisha wimbi linasafiri hadi mwisho wa bomba na kurudi, na kwa kitambo kidogo presha ya ndani inakuwa chini kuliko ya nje. Kitambo hicho ufa unavuta hewa. RPM zikiwa chini na mkono wa mafuta umefunguliwa kidogo, moshi wenyewe ni haba, hivyo kijihewa kilichoingia ufani kinakuwa sehemu kubwa ya kinachopita mbele ya sensa. Ukivuta mafuta hadi mwisho moshi unakuwa mwingi, hewa ya ufa inamezwa, namba inarudia ukweli wake. Kwa hiyo ukiona kasoro yako imejikusanya chini kushoto mwa jedwali na inayeyuka kadiri unavyopanda juu kulia, shuku bomba kwanza.

Kuna ufa mwingine ambao kiwanda kimeuweka kwa makusudi. Yamaha wanauita AIS, Honda na Suzuki wanauita PAIR: valvu inayopitisha hewa safi kutoka kwenye boksi la filta hadi kwenye tundu la kutolea moshi, ili mabaki ya petroli yamalizikie kuungua humo. Kwa mazingira ni jambo jema. Kwa anayetyuni, ni mtu amekaa kando ya sensa anaipulizia uongo. Ziba mpira wake wakati wa kupima, urudishe ukimaliza. Na ile milipuko midogo ya eksozi unapoachia mafuta ukiwa kwenye mteremko, ambayo kila mtu anaisoma kuwa "mafuta machache", mara nyingi chanzo chake ni hewa hiihii, ya ufa au ya valvu, inayokutana na petroli ambayo haikuwaka.

Bomba fupi lililokatwa ni yaleyale: hewa inarudi kinyumenyume kutokea mdomoni mwa eksozi. Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma yenyewe bila kuvutwa mafuta, na sensa imefungwa karibu na mdomo, mimi namba hiyo siitazami kabisa. Natyuni sailensa kwa sikio: naongeza mafuta mpaka RPM ziache kupanda, naendelea kidogo mpaka zianze kulegea, kisha narudi hatua moja. Ni mbinu ya enzi za kabureta na sioni aibu.

Sasa 14.7, yaani uzito wa hewa unaotakiwa kuunguza uzito mmoja wa petroli. Nimeona watu wazima wakigombana kama injini inataka 13.2 au 12.9, kila mmoja na picha ya skrini yake. Sensa haitoi 13.2. Inatoa lambda, na kifaa chake kinazidisha kwa 14.7 kwa kuwa ndivyo kilivyopangwa. Petroli yenye ethanoli asilimia 10 huungua kikamilifu kwenye karibu 14.1, lakini lambda ikiwa 1 skrini yako bado itaandika 14.7. Wagombanaji wawili wenye mafuta tofauti wanaweza kuwa wanapishana kwa namba na kukubaliana kwa ukweli, au kinyume chake. Badilisha mpangilio, soma lambda, tupumzike.

Tena iwe sensa pana, inayopima lambda yenyewe kwa kiwango. Ile ya kiwandani, ukoo wake ni wa zile za Bosch zilizoingia kwenye magari ya Volvo mwaka 1976, ilizaliwa kwa kazi moja: kumwambia kompyuta uko upande gani wa 1. Volti zake zinaruka kwenye kama 0.45 na pande zote mbili zinalala. Kuiuliza kama uko 0.85 au 0.92 ni kumuuliza mtu aliyefumba macho rangi ya shati lako. Na kama kompyuta ya injini bado inaitumia kujirekebisha, izime marekebisho hayo kabla ya kuanza, la sivyo wewe unavuta huku na yenyewe inavuta kule.

Mambo mengine nayapitia mbiombio. Sensa pana isikae kwenye moshi bila umeme, itaziba masizi. Ifungwe juu ya bomba, imeinama angalau digrii 10 kutoka ulalo, ili maji ya mvuke yasiipasue. Sawazisha sifuri ya sensa ya throto kabla ya lolote. Betri iwe imejaa unapoandika ramani kwenye kompyuta ya injini. Hifadhi ramani ya asili mahali pawili. Na laptopu inakaa kwenye begi ikirekodi. Atakayeitazama huku anaendesha asinitafute mimi.

Wapi tena watu wanapotea? Kwenye muda wa injekta, kile kinachonyunyiza petroli, kufunguka. Jedwali linaagiza milisekunde 2, lakini injekta ni sumaku na springi, haifunguki papo hapo. Tuseme 0.9 zinapotea kabla mafuta hayajapita sawasawa. Yaliyobaki ni 1.1. Sasa washa taa na feni, volti zishuke, sumaku idhoofike, upotevu ufike 1.1. Umebaki na 0.9: mafuta yamepungua kama asilimia 18, na hakuna aliyegusa jedwali. Lakini kwenye milisekunde 9, upotevu uleule wa nyongeza ni asilimia 2 na kitu tu, hutausikia. Mtu anayetyuni sailensa mchana taa zikiwa zimezimwa, kisha usiku anarudi kulalamika kwamba "ramani imehama", ramani haijahama. Jaza jedwali la volti za injekta kwanza, ndipo uje kwenye la mafuta. Karibu kila mtu anaanza na la mafuta kwa sababu ndilo lenye rangi.

Kisha kuna kuchelewa. Moshi unachukua muda kufika kwenye sensa, na sensa inachukua muda kujibu. Kwenye rekodi utakuta mstari mmoja unasema throto asilimia 18, RPM 4,200, lambda 1.09. Hiyo 1.09 si ya asilimia 18; ni ya pale ulipokuwa mizunguko kadhaa nyuma, pengine ulikuwa asilimia 11 unaanza kufungua. TunerStudio (programu ya laptopu) na Speeduino au MegaSquirt (kompyuta za injini) zina sehemu ya kuweka ucheleweshaji huo, lakini hata ukiuweka vizuri mimi natupa kila mstari ambao throto ilikuwa inasogea. Nikirekodi nusu saa, mistari ninayoiamini inaweza isifike dakika tano, na inanitosha.

Kwenye silinda moja siamini sana ramani inayotegemea sensa ya presha ya manifoldi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini. Presha inapandashuka ndani ya kila mzunguko, na namba unayoipata inategemea kompyuta ilichungulia saa ngapi. Wapo wanaoipima kwa kuoanisha na pembe ya krenki na inawakubali vizuri. Mimi narudi kwenye throto na RPM, na ninakiri kuwa sehemu ya sababu ni mazoea.

Na kuna ambayo hata mazoea hayanitoshi. Kwa mzigo mkubwa naweka 0.88. Kwa nini isiwe 0.86 au 0.90? Nguvu hazitofautiani kiasi cha kuhisika kwa makalio, na anayedai anahisi, upepo wa siku ile ulikuwa na nguvu kuliko mabadiliko yake. Nimezoea 0.88 kwa kuwa injini hazijanilalamikia, na hoja yangu inaishia hapo. Mafuta ya nyongeza ya kufungua throto ghafla natyuni kwa kujaribu: nafungua, ikisita naongeza, ikitoa moshi mweusi napunguza, na lambda ya sekunde hiyo siiamini hata kidogo. Taimingi ya cheche siigusi nyumbani. Kusikia mgongano ndani ya silinda ukiwa umevaa helmeti na upepo unapiga si jambo la kutegemea, na mafuta yakikosewa kidogo unapata kikohozi, lakini cheche ikiwahi kupita kiasi unapata pistoni yenye tundu.

Mwenzetu wa 1.18 nilimwambia arudishe jedwali la asili, asafishe plagi, kisha injini ikiwa baridi achomeke kifyonza vumbi kwenye mdomo wa eksozi, upande wa kupuliza, na kupaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Jana amenijibu kwa furaha: povu limetoka shingoni, kubwa, na ameshanunua tyubu ya silikoni ya kuzibia. Nimempigia simu hapohapo. Mvuke wa silikoni ya kawaida ni sumu kwa sensa ya lambda. Bado alikuwa hajaifungua.