Beringi hulia mapema

Beringi ni pete mbili zenye gololi katikati, zinazoshika shafti, yaani mhimili unaozunguka wa mashine. Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye mota, mpini anaubana sikioni, kisha anasema: beringi hii haimalizi mwezi. Mara nyingi alipatia. Shida ni kwamba sikio hupata habari ugonjwa ukishakomaa.

Leo kwenye mota ya aina ileile nabandika kihisi cha mtetemo. Ninachokipenda zaidi kina kipande cha fuwele kinachotoa umeme kikibanwa, tabia ambayo ndugu Jacques na Pierre Curie waliionyesha mwaka 1880. Mtetemo ukiwa mbichi ni kelele tupu. Kompyuta huuchambua kwa njia ya hesabu ya haraka ambayo wanahisabati Cooley na Tukey waliichapisha mwaka 1965, hadi kila mdundo unaonekana peke yake.

Chukua mota inayozunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani 25 kwa sekunde. Mdundo wa 25 ukipanda, nashuku uzito umeegemea upande mmoja. Ukipanda wa 50, naangalia kwanza kama shafti ya mota na ya pampu zimenyooka pamoja. Beringi yenye gololi 9 ikichubuka pete ya nje hugonga karibu mara 90 kwa sekunde. Ikichubuka ya ndani, karibu 135. Na wakati huo mota haijapata joto, wala mkono hauhisi lolote!

Tangu Wajerumani walipotangaza Mapinduzi ya Nne ya Viwanda, yaani mashine kuunganishwa na kompyuta na mtandao, kwenye maonyesho ya Hannover mwaka 2011, viwanda vimenunua vihisi na skrini kwa wingi. Kinachosahaulika ni daftari. Programu ya akili mnemba hujifunza kwa kulinganisha mtetemo na kilichokutwa beringi ilipofunguliwa. Kisipoandikwa, itajifunza nini?

Niliwahi kuitwa kiwanda kimoja ambako kengele zililia ovyo mpaka mafundi wakazizima. Kiwango cha tahadhari kilikuwa kimoja kwa feni, pampu na vinu vyote. Tulianza upya: kupima kila mashine ikiwa nzima, kuweka kiwango chake, na kuandika. Kila beringi iliyotolewa tuliikata, tukailaza mezani juu ya grafu ya mtetemo wake.

Fundi mmoja mkongwe alipitisha ukucha kwenye kovu la pete ya nje, akatazama grafu, akaupitisha tena.

“Kumbe 90 ndiyo hii,” akasema, akaomba kalamu.